Unga Begani kwa Baba

Jumamosi, 17 Agosti

Leo timu yetu imefungua uwanja mpya. Nimeanza kuandika kwa sababu Baba amerudi hataki kuongea, na mimi nisipoongea na mtu napasuka.

Kwanza niseme kweli: uwanja ni mzuri hadi unatia aibu. Ni mviringo, mweupe, na watu wameshaupa jina, Bakuli. Kila mtu ana kiti chake chenye namba, paa limetufunika wote, na vyoo, jamani, vyoo! Mimi niliyekulia uwanja wa zamani, ambako mwanamke akibanwa alikuwa anaomba mechi iishe hata kwa kufungwa, leo nimeingia chooni mara mbili bila haja yoyote. Nilifungua bomba tu na kujitazama kwenye kioo.

Uwanja wa zamani tuliuita Mabati, kwa sababu ya paa lake. Mvua ikinyesha pale hukusikia hata filimbi ya refa. Watu walikimbia kimya kimya mbele yako kama unaota ukiwa na homa. Paa lilishikiliwa na nguzo za chuma, na popote ulipokaa kulikuwa na nguzo iliyokula kipande cha uwanja wako.

Baba alikuwa na nguzo yake. Yeye alisimama kulia, na mdogo wake, baba mdogo wangu, alisimama kushoto. Babu ndiye aliyewaweka hapo wakiwa wadogo. Bibi alipofariki Baba alikuwa mbali kikazi, na baba mdogo akamzika bila kumsubiri. Tangu siku hiyo hawajapeana hata salamu. Lakini kila mmoja alisema nguzo ni ya baba yake, haondoki, aondoke mwenzake. Basi wakasimama hapo miaka nenda rudi, chuma katikati, kila mtu anatazama mbele.

Isipokuwa goli. Mabati ilikuwa na sheria yake: goli likiingia unamkumbatia aliye karibu yako, awe nani, na humwachii mpaka mpira urudishwe kati. Baba na baba mdogo ni watu wa sheria. Goli likiingia walikumbatiana macho wameyafumba, meno nje. Mpira ukiwekwa kati, wanaachiana, kila mtu na upande wake.

Na baba mdogo ni mwoka mikate. Hutoka kwenye tanuri moja kwa moja mpaka uwanjani, unga hadi masikioni. Kwa hiyo Mama, ambaye mpira haupendi hata kidogo, hakuhitaji redio. Baba akiingia mlangoni alimtazama bega. Unga ukiwepo, tumefunga. Ukiwa mwingi, tumefunga mengi. "Leo mmefunga," anasema, halafu anakwenda kuchukua brashi ya nguo.

Huko Bakuli viti vimegawiwa na kompyuta. Baba alikwenda kujiandikisha siku yake, baba mdogo siku yake, sasa ungetegemea nini? Baba na mimi tumepewa jukwaa la Mashariki. Baba mdogo kapewa Magharibi. Uwanja mzima uko kati yao.

Tumeshinda mawili bila. Goli la kwanza Baba aliruka, akanyoosha mkono kushoto kwake kama alivyozoea. Kushoto alikuwepo Tarumbeta, yule mwembamba anayetupulizia tangu enzi za Mabati, na mikono yake yote ilikuwa na kazi. Baba akaushusha mkono polepole, akakaa.

Nyumbani Mama alimtazama bega. "Poleni," akasema.

"Tumeshinda," nikamwambia.

Hakuniamini.

Jumatatu, 19 Agosti

Baba na mimi tuna karakana ya makochi. Yeye anakata sponji na kupiga stepla, mimi nashona vitambaa. Leo nimemuuliza anaonaje viti vya Bakuli, maana viti ndiyo kazi yake.

"Viti vizuri," alisema. "Vimetengenezwa kwa mtu aliyekuja peke yake."

Halafu akawasha feni ili nisiulize tena.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumefungwa. Vyoo bado safi.

Jumapili, 6 Oktoba

Nilipita Mabati nikienda kununua gundi. Wameshaondoa paa. Nguzo zimebaki zimesimama hazibebi kitu, na katikati nyasi zimefika magotini. Magoli bado yapo, bila nyavu. Mbuzi mmoja alikuwa kwenye lango la kaskazini, anatafuna na kuitazama barabara kwa makini. Kuna makipa tuliokuwa nao waliokuwa wanalala kuliko yeye.

Niliitafuta nguzo yetu nikaipata. Rangi imelika sehemu mbili, kulia na kushoto, usawa wa bega. Niliweka mkono kulia, nikaweka mkono kushoto. Jua lilikuwa linapita juu ya nyasi, na upepo ukivuma zilikuwa zinalala zote upande mmoja kisha zinainuka, na kwa muda sijui mrefu kiasi gani nilisahau kwamba nimetumwa gundi. Nilikuwa naisikia Mabati. Sikuwasikia watu, nililisikia bati, ule mlio wake kabla ya mvua kubwa.

Baba aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema foleni. Akanitoa nyasi kwenye sketi.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua kubwa, mechi ya Bakuli. Paa la kule halina sauti. Unaiona mvua inamwagika mbele yako kwenye mwanga wa taa, nyeupe, taratibu, na wewe mkavu kama biskuti. Niliangalia ng'ambo nikajaribu kumtafuta baba mdogo kati ya watu wa Magharibi. Kwa mvua ile walikuwa madoa tu. Nilijiambia doa lile pale ndilo yeye, nikalitazama mpaka mwisho. Sijui nilikuwa namtazama baba wa nani.

Sare, moja moja. Baba hakusimama kwenye goli letu.

Jumatano, 13 Novemba

Leo karakana ilikuwa bunge. Mwalimu mstaafu kaleta kiti chake cha kuegemea kibadilishwe sponji, na mzee wa duka la jirani kaja kuazima mkasi, na kama kawaida yao wakaanza: Mabati au Bakuli?

"Mabati mliona nini nyie?" Mwalimu alisema. "Nusu ya uwanja na mgongo wa mtu! Mimi goli la ubingwa nilisimuliwa, na nilikuwepo!"

"Afadhali kusimuliwa na watu," mwenye duka akamjibu, "kuliko kuonyeshwa na ile skrini. Goli linaingia, tunashangilia, halafu tunaambiwa subirini, linatazamwa upya. Linatazamwa upya na nani? Mimi nimeshapiga kelele, sauti yangu nani atanirudishia?"

"Haki lazima itendeke, bwana."

"Haki gani! Mabati ulijua jirani yako kala nini."

"Ndiyo maana nasema Bakuli!"

Tulicheka mpaka nikajichoma sindano. Halafu Mwalimu akasema, akijifuta macho, "Ila kule kwangu Magharibi, kushoto kwangu, anakaa yule mwoka mikate. Mtu wa ajabu. Kila goli ananyoosha mkono wake wa kulia, ananigusa shati, kisha anasema samahani. Kila goli. Nguo zangu zote zina unga."

Stepla ya Baba ilinyamaza. Mwalimu hakuona kitu, aliendelea kusifu vyoo. Mimi nilimwona Baba ameshikilia ukingo wa kitambaa, hapigi, haachii, mpaka mgeni akaondoka.

Siku zote nimemwona Baba ni kichwa kigumu tu. Leo nimemwonea huruma, na sikupenda.

Jumamosi, 30 Novemba

Tumefungwa tena. Tarumbeta anasema midomo inamuuma.

Jumamosi, 18 Januari

Tumefungwa nyumbani, tumefungwa ugenini, sasa tuko karibu na mkia wa ligi. Mama anasema tangu tuhamie Bakuli hajashika brashi ya nguo. Alisema kwa utani, lakini baadaye nilimkuta ameiweka juu ya kabati, nyuma ya masanduku.

Jumatano, 22 Januari

Nimekwenda kwa baba mdogo. Huwa sikanyagi kule. Kwetu jina lake halitajwi, na mimi nimekua nikimnunia bila kujua vizuri kwa nini, kama mtu aliyerithi koti.

Aliyenifungulia ni Pacha, binti yake. Si pacha wangu, tulizaliwa wiki moja tu, na watu wakatuita hivyo kabla ya ugomvi. Ni muuguzi, ana sauti ya kumwamsha maiti.

"Ehe! Mashariki imekuja Magharibi!" alipiga kelele. "Baba, njoo uone maajabu!"

Chumba cha tanuri kina dirisha moja la juu. Saa za mchana jua linaingia hapo, na unga uliopo hewani unaonekana wote, unapanda na kushuka bila haraka. Baba mdogo alikuwa amesimama katikati ya ule mwanga na sikuona vizuri uso wake. Niliona mabega. Yana umbo lile lile la mabega ya Baba.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Kaa. Usikae hapo, kuna hamira."

Akanipa mkate wa moto. Nilikula nusu kabla sijapata ujasiri. Halafu nikamuuliza wazi: kwa nini hukumsubiri Baba siku ya kumzika Bibi?

Pacha aliacha kufunga mikate. Baba mdogo akachukua donge la unga akaanza kulikanda, ingawa lilikuwa limeshakandwa.

"Mvua ilikata barabara," alisema. "Nilisubiri siku nzima. Wazee wakasema inatosha, mama yenu hawezi kulala nje siku ya pili. Nikawaomba mpaka jua lizame. Likazama. Tukazika. Yeye akafika asubuhi, matope mpaka kifuani, akanikuta nafagia uani. Akadhani nilifanya haraka."

"Ungemwambia!"

"Nimwambie lini?" alisema. "Wakati pekee anaponishika, mpira unarudishwa kati upesi."

Nililia pale pale, mkate mdomoni. Pacha naye akalia, na yeye ni mtu anayechoma watu sindano siku nzima. Baba mdogo akasema mtaharibu mikate yangu kwa chumvi.

Ameniapisha nisimwambie Baba. Anasema neno hilo ni lake, atalitoa mwenyewe au atazikwa nalo.

Alhamisi, 23 Januari

Nimekaa na siri siku moja tu na tayari nimeshona mto nje ndani.

Jumamosi, 8 Februari

Joto. Jua la saa kumi linaingia chini ya paa na kutupiga usoni sisi wa Mashariki. Baba alikuwa amejikinga kwa mkono muda wote.

"Hivi kule Magharibi," alisema bila kunitazama, "jua haliwasumbui?"

"Haliwasumbui, Baba. Liko migongoni kwao."

"Aa," akasema.

Lakini ile "aa" mimi naijua. Ndiyo anayoisema akishaamua kiti kivunjwe chote kianzwe upya.

Jumamosi, 15 Machi

Usiku nimeota paa la Mabati linaelea angani, polepole, linakwenda zake, na chini yake nguzo moja inaning'inia. Baba na baba mdogo wameishika kila mtu upande wake, miguu haigusi chini, na wanabishana nani aachie kwanza. Niliamka nacheka. Baadaye nikakaa kitandani, sicheki.

Mchana tumeshinda. Moja bila. Bega safi.

Jumanne, 13 Mei

Siku imefika. Baba amefunga mlango wa karakana, akazima feni, akaniambia nimtafutie Mwalimu. Anataka wabadilishane viti mechi ya mwisho. Kwa ajili ya jua, alisema.

"Kwa ajili ya jua," nikasema.

"Macho yangu si ya ujana."

"Kweli, Baba. Jua baya sana."

"Na usimwambie mtu. Hasa yule Pacha wako, mdomo wake hauna kifuniko."

Nikaapa. Mwalimu amekubali hata sijamaliza sentensi, anasema magoti yake yanataka jua. Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho Baba atakaa kulia kwa ndugu yake, pale pale alipokuwa anasimama, ila pasipo nguzo. Nina furaha mpaka nashindwa kula. Pacha alipiga simu jioni, nikakata upesi nisije nikasema. Naye alisikika ana haraka.

Jumamosi, 24 Mei

Niandike yote, hata mkono ukichoka.

Mechi ya mwisho. Tukipata sare tunabaki ligi kuu, tukifungwa tunashuka. Mama alimpigia Baba pasi shati la bluu, lile la bluu iliyokolea. Baba akajitazama kwenye kioo cha kabati, upande huu, upande ule. Getini tukaachana, yeye Magharibi, mimi Mashariki peke yangu.

Mwalimu alishafika, amekaa kiti cha Baba, kofia kichwani, magoti kwenye jua. Kiti cha Tarumbeta upande wake wa pili kilikuwa kitupu. Nikashangaa, Tarumbeta huwa anafika kabla ya wafagiaji. Ndipo nikasikia harufu ya mkate wa moto.

Baba mdogo alikuwa anakuja kwenye ngazi, tiketi ya Tarumbeta mkononi, unga masikioni. Alifika, akamtazama Mwalimu, akanitazama mimi.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema.

"Marahaba. Kaka yuko wapi?"

Sijawahi kumsikia akimwita kaka. Nilinyoosha kidole ng'ambo.

Simu ikalia. Pacha, kutoka kiti chake cha Magharibi. "Wewe! Baba yako anafanya nini huku? Na Tarumbeta yuko kiti cha Baba, ananipulizia sikioni!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliapishwa!"

"Na mimi niliapishwa!"

Mwalimu alielewa kabla yetu sote. Alicheka hadi kofia ikaanguka. Kisha alimwona baba mdogo usoni, akaiokota akatulia.

Kipindi cha kwanza baba mdogo hakuuangalia mpira hata mara moja. "Yule ndiye?" aliuliza. "Yule wa bluu," nikasema. Kule mbali, mdogo kama kifungo cha shati, Baba alikuwa amesimama peke yake kati ya watu waliokaa, mkono juu ya macho, anatazama huku. Jua lilikuwa nyuma yake, halikumsumbua. Baba mdogo aliinua mkono nusu, akaona haya, akajikuna shingo. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele na mimi sikusikia chochote.

Kipindi cha pili kilipoanza baba mdogo akasema anakwenda kunywa maji. Nikamfuata. Bakuli ina kitu ambacho Mabati haikuwa nacho: njia pana chini ya majukwaa, inayozunguka uwanja wote. Akashika njia ya kusini, anatembea kama mtu anayewahi mikate isiungue. Nikampigia Pacha.

"Baba yako kaondoka!" alisema, anahema. "Anasema chooni, lakini choo tumekipita zamani."

"Mmepita wapi?"

"Kaskazini!"

"Sisi kusini! Mtafika kwetu sisi tuko kwenu!"

"Basi tugeuke!"

"Tukigeuka wote tutapishana tena! Nyie endeleeni kuzunguka, sisi tunasimama."

Nikamshika baba mdogo mkono, nikamwambia asimame, tafadhali, asimame tu. Tulikuwa karibu na friji la soda, penye nguzo nene ya zege na televisheni ndogo juu yake. Alisimama. Akasogea kidogo, akaegemea. Upande wa kushoto.

Sijui tulikaa hapo muda gani. Juu yetu watu walikuwa wanakanyaga, na zege lilikuwa linavuma, mlio wa chini, kama bati kabla ya mvua. Ikatokea sehemu ya shati la bluu kwenye kona ya njia, halafu Baba mzima, halafu Pacha nyuma yake ameshika viatu mkononi.

Baba alitembea mpaka kwenye nguzo. Akaegemea upande wa kulia, akatazama mbele. Mbele kulikuwa na friji la soda. Wote wawili walilitazama lile friji kwa makini sana, na mimi na Pacha tulishikana mikono tukaogopa kupumua.

Ndipo juu kukalipuka. Televisheni ilikuwa imechelewa sekunde kadhaa, bado inaonyesha mpira uko katikati ya uwanja, lakini kelele haidanganyi. Goli! Na hata kabla sijageuka walikuwa wameshakumbatiana, macho wamefumba, meno nje, kama hakuna kilichowahi kutokea duniani isipokuwa goli.

Kisha televisheni ikafika. Tuliliona goli. Tukamwona refa ameshika sikio, anakimbilia skrini yake. Kelele ikafa taratibu. Sauti ya kwenye spika ikasema goli limekataliwa.

Baba mdogo alifungua macho. Akalegeza mikono. "Wamelifuta, kaka," alisema.

Baba hakuachia.

"Mpira haujarudi kati," alisema.

Na kweli. Goli likifutwa, mpira haurudishwi kati. Kipa aliuweka pale pale langoni akapiga. Mechi iliendelea juu ya vichwa vyetu, na wale watu wawili walibaki wamesimama chini yake. Baba mdogo aliweka mdomo kwenye sikio la Baba akaanza kuongea. Nilisikia "barabara", nikasikia "mpaka jua likazama", nikamvuta Pacha tukaenda kusimama upande wa pili wa friji. Alivaa viatu vyake huku analia na kunisonya, akisema ningemwambia mapema.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa walikuwa bado wanaongea. Hawakuuliza matokeo.

Tumerudi nyumbani jioni. Mama alifungua mlango, akamtazama Baba. Bega la kushoto jeupe, la kulia jeupe, mgongoni alama za vidole vyote, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mungu wangu," Mama alisema. "Mmefunga mangapi?"

"Hatukufunga," Baba alisema. "Bila bila."

Mama akavuta kiti, akapanda, akaishusha brashi kutoka nyuma ya masanduku. Aliishika muda, halafu akairudisha palepale juu ya kabati.

"Kaa hivyo hivyo ule," akamwambia.